Naomba ushauri: programu iliyopata ithibati baada ya masomo kuanza

Habari wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaojua udahili wa uzamili. Chuo kina ithibati (kibali rasmi cha ubora), ila programu ya shahada ya kwanza iliipata mwaka mmoja baada ya masomo kuanza. Hapo ndipo wengi hukwama: mwombaji anaambatisha cheti cha chuo, kumbe ofisi ya udahili inatafuta jina la programu na tarehe ilipopata ithibati. Je, barua ya mamlaka ya ithibati yenye tarehe zote mbili, ya chuo na ya programu, inatosha, au shahada ipelekwe kwanza kutathminiwa ulinganifu, yaani kama inalingana na shahada zinazotambuliwa?

Halafu transkripti (hati ya matokeo ya masomo yote). Muhuri wa msajili hupigwa juu ya mdomo wa bahasha. Ikifunguliwa unakatika, transkripti haipokelewi tena. Si bora msajili aitume mwenyewe?