Rilei ya mota ya posho mill inatrip kila saa, niongeze ampea?

mama_unga: Habarini wadau. Niko na posho mill hapa Kawangware, mota ya fezi tatu, kilowati 5.5. Tangu wiki jana ikisaga kama dakika kumi inazima, nikingoja ipoe nibonyeze kile kitufe cha rilei (ile ya kulinda mota isiungue) inawaka tena. Fundi akakuja akazungusha kidude cha ampea kutoka 11 hadi 15, sasa haizimi lakini mota inanuka na ni moto huwezi shika. Na mbona breka haikuwa inatrip?

fundi_kariobangi: Mama zima hiyo mota saa hii, rudisha 11 ndio tuongee. Rilei iko sawa kabisa. Ndani kuna vibati vya metali mbili tofauti zimeunganishwa, moja hutanuka kwa joto kuliko nyingine, sasa mota ikivuta stima nyingi vinapata moto vinajipinda vinafungua kontakti ya rilei iliyoandikwa 95 na 96, koili ya kontakta (ile swichi ya sumaku inayopelekea mota stima) inakosa stima, mota inasimama. Ndio maana inachukua dakika, na ndio maana lazima ipoe kwanza. Wakati wa kuwaka mota huvuta hata mara sita kwa sekunde chache na rilei inavumilia. Ampea zinawekwa kulingana na bamba la mota, kile kibati kimeandikwa ampea zake, basi. Breka nayo kazi yake hapo ni shoti, kama ni ya ampea 25 haiwezi kushtuka mota ikipita 11 kidogo tu.

stima_eastlando: Naongezea. Kwa vile inawaka tena haujapoteza fezi, ingekosa fezi moja ingenguruma tu bila kuzunguka. Pima laini zote tatu na klampmita (mita ya kubana waya inasoma ampea) ikiwa inasaga. Zikiwa zimepanda sawa, shida iko kwa mashine: beringi, mkanda umekazwa sana, chekecheo imeziba ama mahindi hayajakauka.

mama_unga: Zote zinasoma 14 na bamba linasema 11. Tumetoa mkanda tukazungusha kinu na mkono, beringi imekufa inakwaruza kabisa. Nanunua kesho. Asanteni sana, ningechoma mota.

fundi_kariobangi: Poa mama. Na hiyo rilei iache kwa reset ya mkono, usiweke ya otomatiki, kama swichi yako ni ya kugeuza, ile inabaki kwa ON, kinu kitajiwasha chenyewe ikipoa na pengine mtu ameingiza mkono anatoa mahindi yaliyokwama.