Printa ya pamoja yakataa kompyuta tatu baada ya sasisho la usalama (kosa 0x0000011b)

MtunzaOfisi anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kukutana na tatizo hili, kwa sababu nimehangaika nalo kwa siku tatu na kazi zinarundikana.

Tuna kompyuta saba na printa moja ya leza. Printa imeunganishwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta ya mapokezi, na kompyuta hiyo ndiyo inayoishirikisha kwa zile sita nyingine kupitia mtandao wa ndani. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imesimamishiwa masasisho kwa muda mrefu, kwa kuwa aliyekuwa akiitumia hakupenda ijizime na kujiwasha katikati ya kazi. Juma lililopita niliyaruhusu yote, yakashuka, kompyuta ikajiwasha mara mbili, na tangu asubuhi ile kompyuta tatu haziwezi kuchapisha tena. Nikijaribu kuiunganisha printa upya kwenye mojawapo ya hizo tatu, kinatokea kisanduku kinachosema kwamba Windows haikuweza kuunganishwa na printa, na chini yake kuna msimbo 0x0000011b. Kompyuta nyingine mbili zinachapisha bila shida yoyote. Ya sita ina ugonjwa wake peke yake: haitoi msimbo huo, bali inadai nenosiri la msimamizi kila mtumiaji anapojaribu kuongeza printa, jambo ambalo halikuwapo zamani.

Nimezima na kuwasha kila kitu, nimebadilisha kebo, nimeondoa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa) na kuiweka upya. Nimeshauriwa mambo mawili: kuondoa sasisho kwenye kompyuta ya mapokezi, au kuingia kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya mfumo) na kuipa sifuri thamani inayoitwa RpcAuthnLevelPrivacyEnabled. Ushauri huu wa pili nimeuona umerudiwa mahali pengi, lakini hakuna aliyeeleza sifuri hiyo inazima nini, na mimi siko tayari kuzima kitu nisichokijua katika kompyuta inayotunza kumbukumbu za wateja. Je, kuna njia ya kurudisha uchapishaji bila kuondoa kinga?

FundiWaNyaya anajibu:

Ndugu, umefanya vizuri kusita, na njia ipo. Ninachokuomba kwanza ni kugeuza macho: unaitazama kompyuta iliyosasishwa kana kwamba ndiyo mgonjwa, ilhali kwa maelezo yako wagonjwa ni zile tatu zilizokataliwa.

Msimbo huo una historia inayojulikana. Kompyuta inapotuma hati kwenye printa iliyounganishwa na kompyuta nyingine, mazungumzo yao hupita kwa utaratibu unaoitwa RPC, ambao huiwezesha kompyuta moja kuiagiza nyingine itekeleze kazi kwa niaba yake. Zamani mazungumzo ya uchapishaji yalikubaliwa hata yalipokuwa na uthibitisho hafifu, hivyo mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao aliweza kudaka utambulisho wa mtumiaji na kuupeleka kwenye huduma ya uchapishaji kana kwamba ni wake. Dosari hiyo imesajiliwa katika orodha ya dosari za usalama kwa namba CVE-2021-1678. Kiraka chake, yaani sasisho la kuiziba, kilitolewa tarehe 12 Januari 2021, na wakati huo hakikumlazimisha mtu, kilizifundisha tu kompyuta namna ya kuzungumza kwa kusimba, yaani kwa kuficha ujumbe ili asiyehusika asiusome. Ulazima ulikuja na masasisho ya tarehe 14 Septemba 2021. Kuanzia hapo, kompyuta inayoshirikisha printa hudai mazungumzo yasimbwe, na kompyuta inayoomba kuchapisha ikiwa haijafundishwa lugha hiyo hukataliwa mlangoni. Kukataliwa huko ndiko unakokusoma kama 0x0000011b.

Kwa hiyo nenda kwenye kila moja ya hizo tatu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha usome toleo lililopo. Baada ya hapo fungua historia ya masasisho na utazame tarehe ya sasisho la mwisho lililofanikiwa, si lile lililojaribiwa likashindwa. Ninatarajia utakuta kwamba zimebaki nyuma ya Januari 2021. Ukizisasisha hadi mwisho, uondoe printa kwenye orodha yake na kuiongeza upya, zitapokelewa bila wewe kugusa chochote kwenye kompyuta ya mapokezi.

Sasa kuhusu ile sifuri, kwa sababu uliuliza inazima nini. Thamani hiyo hukaa kwenye kompyuta inayoshirikisha printa, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Print. Ikiwa moja, au ikiwa haipo kabisa kwenye kompyuta iliyosasishwa, kusimba ni lazima. Ukiandika sifuri na kuiwasha upya huduma ya uchapishaji, kompyuta hukubali tena mazungumzo ya zamani kutoka kwa kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao, si zile tatu tu unazozifahamu. Ndiyo maana watu huisifu: inaleta nafuu papo hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia siku moja, orodha za mishahara zilipokuwa zinangojwa na hapakuwa na muda wa kushusha masasisho. Nilibandika karatasi kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta ile, nikaandika saa niliyoibadilisha na saa nitakayoirudisha, na jioni nikairudisha. Bila karatasi ile ningesahau, na nimezikuta ofisi zilizosahau kwa miaka.

Ile ya sita ni jambo jingine kabisa. Masasisho ya tarehe 10 Agosti 2021 yalibadilisha kanuni ya draiva: tangu hapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kupakua na kusakinisha draiva ya printa kutoka kwa kompyuta nyingine, na msimamizi peke yake ndiye mwenye ruhusa. Dawa ni wewe kuingia kwa akaunti ya msimamizi mara moja, kusakinisha draiva ileile iliyopo mapokezi, toleo lilelile, kisha umwachie mtumiaji aiongeze printa. Haitadai nenosiri tena, isipokuwa draiva ya mapokezi ikibadilishwa.

KaziHarakaharaka anajibu:

Ndugu zangu, mnamzungusha mwenzetu. Aondoe sasisho la mwisho kwenye kompyuta ya mapokezi, asimamishe masasisho kama yalivyokuwa, na printa itafanya kazi leo hii. Mtandao wake ni wa ndani, nani atakuja kumdukua karani wa mapokezi?

MlinziWaData anajibu:

Naelewa haraka ya ndugu aliyetangulia, maana foleni ya watu wanaosubiri risiti haina subira. Hata hivyo ushauri huo siuungi mkono, na nitaeleza kwa nini.

Huduma ya uchapishaji ya Windows, Print Spooler, hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ndani ya kompyuta, mamlaka yanayopita hata ya msimamizi wa kawaida, na kwa kawaida huwa imewashwa hata kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona printa. Anayeishika huduma hiyo ameishika kompyuta nzima. Hili limekwisha kutokea: programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilitumia dosari ya huduma hiyohiyo kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mitandao. Mwaka 2021 dosari iliyopewa jina PrintNightmare, yenye namba CVE-2021-34527, ilikuwa nzito kiasi kwamba kiraka chake kilianza kutolewa tarehe 6 Julai, bila kungojea siku ya kawaida ya masasisho ya mwezi.

Ndugu yetu anauliza nani atamdukua karani wa mapokezi. Si lazima mtu amlenge karani. Inatosha mfanyakazi mmoja afungue kiambatisho kibaya kwenye kompyuta yoyote kati ya saba, na tangu hapo mshambuliaji yumo ndani ya mtandao wa ndani. Isitoshe, masasisho ya Windows ya kila mwezi hulimbikizwa: ukiondoa la mwisho umeondoa viraka vyote vilivyomo ndani yake, si kile kimoja cha printa.

Nina nyongeza moja ambayo FundiWaNyaya hakuigusa. Tazama nyuma ya printa yako. Kando ya tundu la USB, je, kuna tundu la mraba la kebo ya mtandao, lenye vitaa viwili vidogo, kimoja kwa kawaida cha kijani? Kama lipo, huhitaji kompyuta ya mapokezi iwe katikati hata kidogo.

MtunzaOfisi anarudi:

Nawashukuru sana. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, na matokeo ni haya.

Kompyuta mbili kati ya tatu zilikuwa za Windows 10 na sasisho lao la mwisho lililofanikiwa lilikuwa la Novemba 2020. Nimezisasisha usiku kucha, nikaondoa printa na kuiongeza, na zote mbili zimechapisha ukurasa wa majaribio. Ya sita nimeisakinishia draiva kwa akaunti ya msimamizi, na mtumiaji wake hajaulizwa nenosiri tena. Kwa hiyo FundiWaNyaya alikuwa sahihi: niliyemdhania mgonjwa alikuwa mzima.

Ya tatu imenishinda. Ni ya Windows 7, na haipati sasisho lolote. Tunaihitaji kwa sababu ina programu ya zamani ya kutunza stoo isiyokubali kufunguka kwenye matoleo mapya. Aidha, kuna hati moja iliyokwama kwenye foleni yake. Nikiifuta inaandika kwamba inafutwa, na haifutiki. Tundu la mtandao nimeliona nyuma ya printa. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha plastiki, na vitaa vipo.

MlinziWaData anajibu:

Hapo ndipo tundu hilo linapokufaa. Windows 7 iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo kiraka cha Januari 2021 kiliwafikia wale tu waliokuwa wamelipia nyongeza ya muda. Kompyuta hiyo haitajifunza kusimba mazungumzo ya printa, na kuilegezea kompyuta ya mapokezi kwa ajili yake ni kuwahatarisha wote sita kwa sababu ya mmoja.

Unganisha printa kwa kebo kwenye swichi au ruta, kisha uchapishe ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe. Humo utaona anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao wako) na anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe). Ingia kwenye ruta, uitengee ile MAC anwani moja ya kudumu. Usiiruke hatua hii, kwa maana printa ikipewa anwani mpya baada ya umeme kukatika, kila kompyuta itaitafuta pale ilipokuwa jana. Kisha kwenye ile ya Windows 7 ongeza printa kwa kutumia anwani ya TCP/IP, siyo kwa kuitafuta kwenye mtandao, na uchague poti 9100 (poti ni namba ya mlango wa mtandao ambao printa hupokelea hati). Hati itakwenda moja kwa moja kwenye printa, haitapitia RPC, na kosa la 0x0000011b halitakuwa na mahali pa kutokea.

Fahamu pia kwamba njia hii haisimbi hati. Kwa orodha za stoo sioni ubaya, ila hati za wateja ziendelee kupita mapokezi, au zitumie poti 631 kwa IPP (utaratibu wa kuchapisha kupitia mtandao) iliyosimbwa kama printa yako inaiweza. Na kompyuta hiyo ya Windows 7 iondolewe njia ya kwenda kwenye intaneti, kwa kuwa kazi yake haiihitaji.

Kuhusu hati iliyokwama, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop spooler, kisha uingie kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Utakuta mafaili mawili kwa kila hati, moja linaloishia na SPL lililobeba kurasa zenyewe, na jingine linaloishia na SHD lililobeba maelezo ya kazi. Yafute yote yaliyo ndani, uiache folda yenyewe, kisha uandike net start spooler.

MtunzaOfisi anarudi:

Foleni imesafishika, yalikuwa mafaili mawili tu, kama ulivyosema. Printa imepata anwani yake ya kudumu na kompyuta ya stoo imechapisha kurasa tano. Hata hivyo, baada ya saa moja hivi, kompyuta hiyo imeanza kuonyesha kwamba printa haipo mtandaoni, na huku kompyuta nyingine zinachapisha. Nikiita anwani ya printa kwa amri ya ping, inayopima kama kifaa kinajibu kwenye mtandao, inajibu mara nne bila kupotea.

FundiWaNyaya anajibu:

Ikiwa ping inajibu, printa ipo. Kinachodanganya ni ukaguzi wa hali. Unapoongeza printa kwa TCP/IP, Windows huiuliza hali yake mara kwa mara kwa utaratibu wa SNMP, na printa isipojibu swali hilo huhesabiwa kuwa imezimwa, hata kama iko tayari kupokea hati. Fungua sifa za printa, nenda kwenye sehemu ya poti, chagua poti yake, bonyeza kitufe cha kuisanidi, na uondoe alama kwenye kisanduku cha SNMP. Huhitaji kuwasha upya kompyuta.

MtunzaOfisi anarudi:

Nimeondoa alama, na hati mbili zilizokuwa zinasubiri zimetoka hapohapo nikiwa bado nimeshika kipanya. Kompyuta ya stoo nimeifungia intaneti kwenye ruta, na masasisho ya mapokezi nimeyapangia saa za usiku ili karani asiwe tena na sababu ya kuyasimamisha. Rejista sikuigusa.