Forester au RAV4 kwa mtu anayeishi mbali na maduka ya spea ya Kariakoo? Mimi nina msimamo, nanyi leteni wenu

Wakuu, mdogo wangu amefikisha hela ya gari na nyumba nzima inabishana: achukue Toyota RAV4 au Subaru Forester? Yeye ni mwalimu, anaishi Tukuyu, wilayani Rungwe, na ana shamba la parachichi huko juu ambako lami haijafika. Kila anayeulizwa ana jibu tayari. Huyu anasema Subaru itamfilisi, yule anasema RAV4 haina lolote zaidi ya jina la Toyota. Yote mawili nayakataa.

Mimi naendesha Forester hapa Mbeya, huu ni mwaka wa saba. Injini yake ni ile ya boksa: pistoni zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo uzito unakaa chini na gari linatulia kwenye kona. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu yote manne muda wote. RAV4 za 4WD za kuanzia mwishoni mwa 2005 hutegemea magurudumu ya mbele, ya nyuma yanaitwa kusaidia pale ya mbele yanapoanza kuteleza. Kwenye lami hutaona tofauti. Lakini mvua za masika zikipiga Rungwe, njia ya shambani ikawa kama imepakwa sabuni, utaiona.

Sasa kwa nini Subaru ina sifa mbaya ya kufilisi? Naamini sehemu kubwa ni namna tunavyoyatunza haya magari.

Chukua taimingi belti, ule mkanda wa injini unaofanya vavu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Forester za zamani, zenye injini ya EJ20, zinatumia mkanda ambao unatakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, vavu zinagongana na pistoni, na injini ndiyo basi tena. Shemeji yangu alinunua ya kwake mkononi kwa mtu, hakuuliza mkanda ulibadilishwa lini, akaendesha miaka miwili. Ukakatika akipanda mlima Kitonga, usiku, na watoto ndani. Mpaka leo anailaumu Subaru. Mimi najiuliza, gari lilikosa nini hapo?

Halafu kuna suala la matairi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu watu hawaambiwi. Sisi tumezoea kununua matairi mawili mawili, tena ya kampuni tofauti, yale mazima kidogo tunayahamishia nyuma. Ukiifanyia hivyo Subaru unaiua taratibu. Tairi lililoisha linazunguka mara nyingi zaidi kuliko jipya, na mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi ya kusawazisha tofauti hiyo safari nzima, unapata joto, unakufa. Ukija kusikia gari linajivuta ukikata kona kali, hela ya matairi mawili uliyookoa imeshakwenda mara kadhaa. Na likiharibika njiani, lipandishwe juu ya lori. Usikubali livutwe huku magurudumu mawili yakiburuzwa chini.

Niwe mkweli upande wa Toyota pia. Spea zake utazipata Tukuyu hapohapo, na fundi yeyote wa kijiweni ameshaifungua injini yake. Mimi mara nyingi nasubiri kifurushi kitoke Kariakoo kwa basi. Hata kubadilisha plagi kwenye boksa ni kazi, zimejificha ubavuni karibu na chesisi, na fundi asiyezoea atakwambia Subaru ni ngumu kisha atakutoza ugumu huo. Siku ya kuuza, RAV4 haikai sokoni. Ila asije mtu akasema kila Toyota ni salama: RAV4 za kati ya 2000 na 2005 zenye injini ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wengi mnajua zinavyowasumbua mafundi. Mdogo wangu akienda upande huo, nataka achukue ile iliyotoka mwishoni mwa 2005 na kuendelea, yenye injini ya 2AZ inayotumia cheni, aangalie kama inakula oili.

Na ule ugomvi wa mashabiki tuuache. Toyota yenyewe ina asilimia 20 hivi ya hisa za Subaru, na Toyota 86 iliyotoka 2012 ilifungwa injini ya boksa ya Subaru. Wenye kampuni wanaheshimiana kuliko sisi.

Nimemwambia mdogo wangu hivi: kama huwezi kununua matairi manne kwa mpigo, chukua RAV4. Kama unaweza, tafuta Forester isiyo na turbo ya kuanzia 2011, yenye injini ya FB20. Hiyo ina cheni, habari ya mkanda inakuwa imeisha. Asiguse yenye turbo, kwa mshahara wa mwalimu na barabara ile haimfai.

Kinachonikwamisha ni gia. Forester nyingi zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2012 zina CVT, yaani gia otomatiki isiyo na hatua za namba, na hapa Mbeya bado sijapata fundi ninayeweza kumwachia hiyo gia nikalala usingizi. Mlioko Songea, Sumbawanga na Kigoma, nyie mnatengenezea wapi? Na kuna aliyeifikisha zaidi ya kilomita laki mbili kwenye barabara zetu bila kuifungua?