Naomba ushauri: wengine wanasema naandika kama Shaaban Robert, wengine Kezilahabi. Nijilinganishe vipi?

Mtunzi wa Bara: Habari za jioni wakuu. Naandika riwaya na nimeshavuka nusu. Sura za mwanzo niliwapa watu ninaowaamini. Mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili akasema namfuata Shaaban Robert. Rafiki yangu, msomaji mkubwa, akabisha: huyu ni Kezilahabi mtupu. Kisha msomaji wa miswada wa kampuni moja ya uchapishaji akanijibu kwamba sauti yangu haijajitokeza, basi, hakufafanua. Waandishi wote wawili nawapenda mno. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu anajilinganisha vipi na wakubwa hawa mpaka apate kitu cha kumsaidia kazini, badala ya kuvimba kichwa au kukata tamaa? Naweka aya moja mwone wenyewe:

"Mzee Kombo alirudi jioni hana samaki wala nyavu. Hakusema neno. Aliketi barazani, akavua kofia, akaitazama muda mrefu. Mkewe alimwekea chai. Umaskini si kilema, lakini humfanya mtu achechemee; na achechemeaye hufika, ila hufika watu wamekwisha ondoka."

Kalamu Nyeusi: Aya nzuri dada. Nafuatilia uzi.

Mhariri Mstaafu: Dada, mwalimu wako na rafiki yako wote wamesema kweli, kila mmoja kashika upande wake. Soma aya yako kwa sauti. Sentensi nne za kwanza ni fupi, zinaonyesha tendo, na msimulizi hatoi hukumu yoyote. Hapo ndipo rafiki yako alipomsikia Kezilahabi, hasa yule wa riwaya za Rosa Mistika na Kichwamaji. Sentensi ya mwisho ina mkono mwingine kabisa. Imegawanyika nusu kwa nusu, ina "lakini", ina "ila", na haimzungumzii tena Mzee Kombo bali binadamu wote. Huo ndio mwendo wa Shaaban Robert. Yeye hata majina ya wahusika yanakwambia mapema nani ni nani: katika Adili na Nduguze, Adili ana ndugu wawili, mmoja Hasidi, mwingine Mwivu. Msomaji anaijua hukumu kabla ya kesi, na kwa Shaaban hilo linafaa, kwa sababu riwaya zake ni hadithi za mafunzo tangu mwanzo.

Sasa jiulize: ile sentensi ya mwisho anaisema nani? Mzee yuko kimya. Mke yuko kimya. Ameingia mtu wa tatu barazani ambaye hukumtambulisha. Nadhani msomaji wa mswada alilihisi hilo akashindwa kulieleza.

Ushauri wangu wa kazi: chukua ukurasa mmoja wa Shaaban na mmoja wa Kezilahabi, uzinakili kwa mkono. Usisome tu. Mkono utakuonyesha sentensi inapokatwa, mazungumzo yanaanzia wapi, methali inatoka kinywani mwa nani. Kisha nakili na ukurasa wako, uangalie mambo hayohayo. Kusema "nafanana na fulani" hakukusaidii mpaka uweze kuonyesha mstari.

Msomaji wa Maktaba: Naongezea jambo ambalo wengi hulisahau. Tasnifu ya uzamili ya Kezilahabi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Alimsoma mzee yule kwa makini, na bado kalamu yake ilikwenda kwingine. Kufika riwaya zake za Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, hata mpangilio wa kawaida wa hadithi ameuvunja. Kwa hiyo usiogope kuwasoma wakubwa kwa kuhofia watakumeza.

Bint Unguja: Mie sikubaliani na Mhariri kuhusu ile sentensi. Ndiyo niliyoirudia kuisoma! Ukiifuta, inabaki aya safi isiyokumbukwa. Halafu kufanana si dhambi. Muhammed Said Abdulla alimchukua mpelelezi wa mtindo wa Sherlock Holmes, yule wa hadithi za London, kiko mdomoni na rafiki yake Watson pembeni, akamfanya Bwana Msa, na Najum akawa Watson wake. Lakini fungua riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960, uone kama utasikia harufu ya London. Mazungumzo ni ya Unguja, utani wa Unguja, adabu za Unguja. Umbo aliazima, watu ni wake.

Mhariri Mstaafu: Bi Unguja, sikusema aifute. Nimeuliza ni ya nani.

Bint Unguja: Hapo nimekuelewa, mwalimu. Samahani, nilisoma kwa haraka.

Mtunzi wa Bara: Ahsanteni sana, kwa kweli mmenifungua macho. Nimepitia sura ya kwanza yote nikiuliza "hii ni ya nani", na nimekuta karibu kila aya inafungwa na sentensi ya namna ile. Tendo, tendo, kisha wosia. Nafikiri hii ya umaskini nimpe mke wa Mzee Kombo aiseme mwenyewe, zile nyingine niziondoe. Mnaonaje?

Mhariri Mstaafu: Mpe mke, ndiyo. Ila mwanamke aliyeolewa na mvuvi na ana hasira ya njaa hatasema sentensi iliyonyooshwa hivyo. Ataikata, au atasema nusu yake amgeukie mtoto. Andika vile atakavyosema yeye, hata uzuri wa sentensi ukipungua. Ukimaliza, weka hapa tuone.

Bint Unguja: Na mumewe asimjibu. Ukimya wake ulikuwa mzuri.