UZI WA MALALAMIKO: Eiður HAKUCHEZA na baba yake Tallinn, acheni kupotosha watu

Wakuu, hii sasa imezidi. Kila ikikaribia tarehe 24 Aprili lazima kuna ukurasa wa soka utabandika kile kisa cha Iceland: "Baba na mwana waliocheza pamoja timu ya taifa." Watu wanapenda, wanasambaza, wanaweka vimoyo, na hakuna anayejisumbua kufungua ripoti ya mechi. Eiður Guðjohnsen, straika wa zamani wa Chelsea na Barcelona, na baba yake Arnór HAWAKUCHEZA PAMOJA. Hata sekunde moja.

Mwaka ni 1996, mechi ya kirafiki dhidi ya Estonia kule kwao Tallinn, Iceland ikashinda 3-0. Arnór Guðjohnsen, miaka 34, alianza. Dakika ya 62 akatolewa, na aliyeingia badala yake ni mwanawe Eiður Smári, miaka 17. Badala yake, jamani! Mmoja anavuka mstari kutoka, mwingine anauvuka kuingia. Utamu wa kisa wote uko hapo, na uchungu wake pia, ninyi mnakigeuza picha ya harusi.

Na kilichoniudhi hasa ni kwamba sababu yenyewe mnairuka. Arnór alishaeleza hadharani: bosi wa shirikisho la soka la kwao alitaka wawili hao wachezeshwe pamoja kwa mara ya kwanza nyumbani, kwenye mechi iliyofuata, siyo ugenini. Kocha Logi Ólafsson akafuata agizo. Jambo liko mkononi, wakaliweka akiba! Mwezi uliofuata Eiður akaenda na timu ya vijana kucheza na Ireland, akavunjika kifundo cha mguu. Mechi ya nyumbani ikachezwa bila yeye. Alirudi timu ya taifa 1999, na baba yake alikuwa ameshaagana nayo tangu 1997. Arnór anasema hilo ndilo jutio lake kubwa kwenye soka. Sasa wewe admin unaandika "walitimiza ndoto"? Ndoto ipi?

Halafu kile kifundo mnakipita kama mafua. Huyu kijana alikuwa PSV, klabu ya Uholanzi, kikosi kimoja na Ronaldo wa Brazil, na ameshaonja ligi kuu ya Uholanzi. Jeraha likala karibu miaka miwili, PSV wakaachana naye, ikabidi arudi Iceland kwenye klabu ya KR mwaka 1998 ndipo Bolton ya Uingereza wakamuokota. Mchezaji aliyeumia kifundo akiwa na miaka 17 na bado akafika alikofika, halafu kuna mtu anaandika "alibebwa na jina la baba". Jina la baba halifungi goli Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea.

Nije kwa wale wa "straika wa kawaida tu, mabao machache". Mabao 78 katika mechi 263 za Chelsea, sawa, si ya Drogba. Lakini mnamhesabu kama namba tisa wakati kazi yake haikuwa hiyo. Msimu wa 2001/02 alitupia 23 katika mashindano yote akiwa pembeni ya straika mwenzake Hasselbaink, na mgawanyo wao ulikuwa wazi: Hasselbaink anakimbilia nyuma ya mabeki, Eiður anashuka hatua kumi, anapokea akiwa amelipa goli mgongo, mguso mmoja, mpira umeshaondoka. Mkitaka kumwona vizuri tazameni bao la beki wa Chelsea Wayne Bridge kule Highbury kwa Arsenal, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Aprili 2004, dakika ya 87. Wote mnamkumbuka Bridge. Ile pasi ya kupeana na kurudishiana iliyomfungulia njia aliicheza nani? Bao la mechi ya kwanza, ile ya 1-1, alifunga nani? Na Machi 2005 Barcelona walipolala 4-2 kwa Chelsea, bao la kwanza dakika ya 8: krosi ya mwenzake Kežman kutoka kulia, Eiður anaituliza, anamkata beki, anaweka ndani. Msimu uliofuata kocha Mourinho akawa anamshusha hadi kiungo. Straika wa kawaida hashushwi kiungo kwenye timu inayochukua ubingwa mara mbili mfululizo.

Ndiyo, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Anfield kwa Liverpool, ile Mei 2005, alikosa. Dakika za nyongeza zinayoyoma, mpira umemwangukia, shuti likapita mbele ya lango lote likatoka nje, Liverpool wakaenda fainali. Hilo mlilaumu, ni haki yenu. Alipohamia Barcelona pia: 2009 medali ya Ulaya anayo, lakini fainali ya Roma aliitazama akiwa benchi. Ukweli ni ukweli pande zote.

Mambo madogo, haraka haraka. Yeye siyo mfungaji bora wa muda wote wa Iceland tena. Alimaliza na 26 katika mechi 88, Kolbeinn Sigþórsson akamfikia, na Oktoba 2023 Gylfi Sigurðsson akafikisha 27. Bado naona "anashikilia rekodi". Na hiyo herufi ð siyo d wala o yenye mkwaju! Ni dh yetu, ya dhahabu, ya fedha. Waingereza wanahangaika nayo, sisi tunayo tangu madrasa, halafu mtangazaji wa Kiswahili anasema "Aidagudi". Aibu gani hii.

Ombi langu kwa wenye kurasa: kabla hamjabandika, tafuteni orodha ya wachezaji wa mechi, angalieni dakika ya kutoka na dakika ya kuingia. Zikiwa namba ileile, hawakucheza pamoja. Haihitaji shahada.

Na kama mna kiu ya picha ya familia hiyo uwanjani, ipo, tena mnaiacha. Tarehe 11 Oktoba 2021, Reykjavík, Iceland 4-0 Liechtenstein. Wana wawili wa Eiður waliingia wote kutoka benchi, mwishoni Sveinn Aron akampasia mdogo wake Andri Lucas, bao la nne. Baba yao alikuwa pale pembeni ya uwanja, kocha msaidizi. Bandikeni hiyo.