Naombeni ushauri: igizo la Majimaji, watoto 140 jukwaani, mimi ni msaidizi wa mwongozaji

ticha_wa_kusini:
Habari za humu wakuu. Nafundisha msingi hapa Songea, mahafali ya la saba mwaka huu tunaigiza vita ya Majimaji, sasa kasheshe mkuu wa shule kasema kuanzia la tatu wote wapande, yaani watoto 140 na ushee halafu wenye maneno ya kusema hawafiki 15, hao wengine mazoezini ni gulio tupu. Tunafanyia uwanjani sauti hazifiki. Na ile sehemu ya mashujaa kunyongwa wa la tatu wanacheka, wengine wanalia. Mwongozaji ni mwalimu wa siku nyingi sitaki aone namkalia kichwani. Nianzie wapi?

mama_kaniki:
Pole mwalimu. Usifundishe 140 kwa pamoja, utakauka koo bure. Gawa: Wangoni, watu wa Ngarambe kwa Kinjikitile (yule mganga aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi), askari wa Mjerumani, ngoma, kwaya. Kila kundi mwalimu mmoja na kiranja wa la saba, wajifue kwenye madarasa yao, mje muunganishe wiki za mwisho. La tatu na la nne wawe kwaya wakae chini pembeni mwanzo mwisho, hapo mkuu kashapata hao "wote" wake 😂

fundi_spika:
Maiki usiwagawie watoto, watazigombania. Weka mbili za stendi mbele, mwenye maneno anaifuata, na wasimulizi wawili wenye sauti nzito wabebe stori. Jukwaa liwe na ukuta wa darasa nyuma, sauti itarudi kwa wazazi. Halafu ile dawa ya maji, nawaomba sana, beseni liwe tupu, waigize tu kunyunyiza, nyaya za spika zinapita chini hapo.

ticha_wa_kusini:
Duh, beseni tulishalijaza juzi mazoezini. Asante fundi. Na kunyongwa je?

mjukuu_wa_mngoni:
Kamba isionekane kabisa. Ngoma inapigwa kwa nguvu inakatwa ghafla, mashujaa wanageuka wanawapa wazazi mgongo, msimulizi anasema tu tarehe 27 Februari 1906, kimyaaa, ndo kwaya inaanza taratibu. Ila kabla ya hapo wapelekeni makumbusho ya Majimaji si mko nayo hapo hapo mjini, wakaone kaburi la pamoja, wataelewa hao ni babu zao. Anayelia msimlazimishe, apelekwe kwaya.

mama_kaniki:
Na huyo mwongozaji usimkosoe mbele ya watoto. Mwombe akuachie kazi ya nani anaingia lini na anatokea wapi, wazee wengi hawaipendi hiyo kazi atakupa haraka tu. Ukiishika hiyo nusu ya vurugu umeimaliza.

ticha_wa_kusini:
Sawa dada, kesho namfuata ofisini kabla ya mstarini. Nguo sasa, wazazi wamegoma kuchangia.

mama_kaniki:
Kaniki za kuazima majumbani, bibi gani wa huko hana? Andika jina kwenye pindo tu zisipotee.