Dramedi kwa Kiswahili tunaiitaje? Tanzia-ramsa imenikataa

mtafsiri_wa_usiku
Wakuu habari za jioni. Nina kakazi ka kutafsiri menyu ya apu moja ya muvi, yani zile muvi zinavyopangwa aina kwa aina, za mapigano, za kutisha, za mapenzi, vichekesho. Huko kote nimepita bila shida ila nimefika kwenye dramedi leo siku ya tatu nimekwama. Si mnazijua zile sizoni unacheka mpaka mbavu zinauma halafu dakika mbili mbele unajikuta unafuta machozi na kanga ya mwenzio. Kwenye kamusi nikakuta tanzia-ramsa, nikaiweka, nikamtumia dada yangu skrinshoti anione inasomekaje, akanipigia simu palepale "nani kafa?" Kaona TANZIA tu, mbele hakusoma 😂 Sasa kuna neno lingine ambalo watu wanalijua? Na kitufe kinabeba herufi 18 tu, nafasi zikiwemo.

mwalimu_wa_fasihi_254
Tanzia-ramsa si kosa, ndilo neno tunalofundishia huku Kenya. Tanzia mhusika mkuu anaangamia, ramsa inachekesha na inaishia kwa furaha, na hiyo ya tatu ndio mseto. Ingawa nikiri, wanafunzi wangu wakishatoka darasani wanasema komedi, sijawahi kusikia hata mmoja akisema twendeni tukaone ramsa.

Mfano wangu ni Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, ile Mwalimu Nyerere alitafsiri, ikatoka 1969. Shakespeare mwenyewe alipokusanyiwa tamthilia zake kwenye kitabu kimoja 1623 hii iliwekwa fungu la komedi, na ukiangalia ni kweli, kuna pete, kuna wanawake wamevaa kiume wanawachezea waume zao akili, mwisho wapenzi wanapatana. Sasa mwangalie Shylock, yule mkopeshaji aliyedai akate ratili ya nyama ya mdeni wake, anavyotoka mahakamani, mali imekwenda, binti alishatoroka, na dini analazimishwa abadili. Darasa huwa linacheka sana pale anapoambiwa kata ratili yako ya nyama lakini damu usimwage hata tone. Halafu kila mwaka hakosi mtoto mmoja wa kuuliza "lakini mwalimu, si wamemwonea?" Kimya. Kile kimya ndicho tanzia-ramsa.

Binti_Makorora
Mwalimu nakuheshimu lakini huku Tanga tanzia ni tangazo la msiba, basi. Linaanza TANZIA kwa herufi kubwa, ukoo wa fulani unasikitika, mazishi saa kumi baada ya alasiri. Lenyewe asili yake Kiarabu, ni mambo ya kupeana mkono wa pole, kwahiyo hata ulifungie ramsa nyuma bado mtu anasikia udongo wa kaburi. Ni sawa na kuandika kwenye menyu ya mgahawa "pilau la hitma", pilau lenyewe tamu ila nani ataagiza?

Na ramsa nako, bibi yangu akisema ramsa anamaanisha shangwe, watu wamekusanyika wanafurahi. Sio mchezo wa kuigiza.

jukwaa_la_nyuma
Mnachanganya vitu viwili wakuu. Trajikomedia ya kale, yani hiyo tanzia-ramsa yenu, haikuwa habari ya kucheka na kulia, ilikuwa habari ya vyeo. Plautus, Mroma mmoja wa kabla ya Kristo, ana mchezo unaitwa Amphitryon, mwanzoni anamtoa mungu Mercury anawaambia watazamaji kwamba humu kuna wafalme na miungu kwahiyo haifai kuwa komedi tupu, ila mtumwa naye yumo, basi tuchanganye. Kwisha.

Dramedi ni mtoto wa televisheni. Haihitaji mtu aangamie, inahitaji kodi ya nyumba imechelewa, ndoa inayumba, mama anaumwa, na katikati ya hayo mtu anateleza kwenye ganda la ndizi. Kwahiyo tanzia inakosea hata kwa maana, achilia mbali simu ya dada.

Na usijione mjinga, wenye neno lao wenyewe limewashinda. 2015 wale wa tuzo za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, waliamua kipindi cha nusu saa kihesabiwe komedi na cha saa nzima drama, yani walikuwa wanapima kwa saa ya ukutani, mpaka 2021 walipoiacha! Matokeo yake Uzo Aduba, mwigizaji wa ile sizoni ya gerezani Orange Is the New Black, kachukua tuzo 2014 upande wa komedi na 2015 upande wa drama, kwa mhusika yuleyule, gereza lilelile.

mwalimu_wa_fasihi_254
Hapo kwa vyeo umenipata, naipeleka darasani. Basi weka Vichekesho na Majonzi.

mtafsiri_wa_usiku
Herufi 21 mwalimu, inamwagika nje ya kitufe 😭

mwalimu_wa_fasihi_254
Kicheko na Simanzi. Hesabu.

mtafsiri_wa_usiku
18!! Ngoja nimtumie dada.

kava_la_dvd
Mimi niliuza DVD Kariakoo miaka kabla simu hazijatuua, na nawaambia mteja haulizi aina. Komedi kwenye meza yangu zilikuwa mbili. Kuna ya vituko, mtu anaanguka, anakimbizwa na mbwa, anavaa suruali ya mkewe, unacheka unasahau. Halafu kuna mtu anakuja, mara nyingi mama wa makamo, anakwambia "nipe ya kuchekesha lakini yenye stori". Ukimpa ya vituko kesho anairudisha na anataka hela yake. Akisema yenye stori anamaanisha kuna mahali itamchoma. Sijawahi kumsikia mtu anauliza simanzi, simanzi anayo nyumbani.

Binti_Makorora
Hiyo ya mwisho umeua 😂😂 na hata mie ndivyo nisemavyo, "ina stori ile".

mtafsiri_wa_usiku
Mrejesho. Dada kaniambia Kicheko na Simanzi inasikika kama jina la taarabu ya zamani, angeisikiliza lakini asingeiangalia. Nikamtumia Komedi yenye Stori, kajibu "ipi hiyo, nitumie linki". Nimehesabu mara mbili, nayo ni 18 vilevile. Nimeshaituma kwa bosi, mwalimu usinichukie.

mwalimu_wa_fasihi_254
Sikuchukii. Ila kwenye mtihani ukiniandikia hivyo nakupa sufuri.